Maji Yasiyotiwa

Kila aliyehudhuria onyesho la Jumamosi la kasi ya mimenyuko atakumbuka pale mwalimu alipolishika bika la pili, akatia humo sentimita za ujazo 40 za thayosalfeti ya sodiamu badala ya zile 50 za awali, kisha, pasipo kuongeza hata tone la maji, akamimina sentimita zake za ujazo 5 za tindikali na kuianzisha saa. Hapo ndipo kazi ilipoharibika, na yote yaliyofuata katika jaribio lile, pamoja na mchoro uliopigiwa makofi, hayakuthibitisha neno juu ya mkolezo na kasi.

Natuhesabu. Bika la kwanza lilikuwa na sehemu 50 katika 55, yaani thayosalfeti yenye karibu asilimia 91 ya mkolezo wake wa asili. La mwisho, lenye sehemu 20 katika 25, lilikuwa na asilimia 80. Thayosalfeti, basi, ilipungua kidogo tu, ilhali tindikali, iliyopaswa kukaa vile vile, ilizidi zaidi ya maradufu, kutoka sehemu 1 katika 11 hadi 1 katika 5. Mbona basi msalaba uliochorwa chini ya bika ulichelewa kufichika? Kwa sababu kina kilipungua hata kisifike nusu ya kile cha kwanza, na jicho litazamalo kutoka juu hukutana na chembe za kibiriti za kina chote. Kina kikiwa kifupi, hapana budi kibiriti kizidi katika kila tone ndipo msalaba utoweke. Mwalimu alipima kina, akakiita mkolezo. Lau angalitia maji 10, kisha 20, kisha 30, jumla ikadumu kuwa 55, ushahidi wake ungalisimama. Nimekwisha kuyasema haya katika safu hii, wala sitachoka: abadilishaye vigeu viwili kwa pamoja hana haki ya kukisemea hata kimoja.

Wazee wa fani hii hawakufanya hivyo. Wilhelmy wa Ujerumani, alipochunguza mwaka 1850 jinsi sukari ya miwa inavyogeuzwa na tindikali, aliifuata kwa mzunguko wa nuru katika bomba lenye urefu usiobadilika, maana mzunguko huo hufuata urefu wa njia sawasawa na unavyofuata mkolezo. Nao Harcourt na Esson wa Oxford, katika miaka ya 1860, walipopima haidrojeni peroksidi na ayodidi, walitia kipimo kidogo kile kile cha thayosalfeti kila rangi ya buluu iliporejea, wakaandika wakati, katika chombo kimoja, hata ujazo usibadilike ila kwa kadiri ndogo mno. Thayosalfeti ni ile ile; tofauti ni uangalifu.

Sehemu ya eneo la uso, kwa marumaru ya unga na ya vipande, na ile ya kichocheo, kwa manganizi dayoksaidi katika peroksidi, zilionyeshwa vyema.

Lakini katika sehemu ya joto ilirudi ile kauli ninayoichukia tangu zamani, kwamba kila nyuzi 10 huongeza kasi maradufu, ikatamkwa kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Ni makisio tu, yafaayo kwa baadhi ya mimenyuko karibu na joto la chumbani. Tangu mwaka 1889 Arrhenius alibainisha kwamba ongezeko hilo hutegemea nishati ambayo molekuli sharti ziwe nayo kabla ya kumenyuka, na nishati hiyo hutofautiana baina ya mmenyuko na mmenyuko: iliyo kubwa huifanya kasi ipande sana kwa nyuzi zile zile 10, na iliyo ndogo huiongeza kidogo tu.