Sauti ya kwanza ya ‘mbuzi’ ni ipi?

Hebu tuchukue neno ‘mbuzi’. Mwalimu wa chekechea akiuliza sauti ya mwanzo, mara nyingi hutarajia jibu ‘m’. Mtoto wa Kitui au Makueni akijibu ‘mb’, eti amekosa! Hajakosa. Sikio lake limelelewa na Kikamba, ambamo mbuzi ni ‘mbũi’ na ‘mb’ ni sauti moja. Katika Kiswahili pia silabi zake ni mbu-zi. Linganisha na ‘mbu’, yule mdudu: hapo ‘m’ ni silabi peke yake, m-bu. Herufi ni zile zile, matamshi ni tofauti.

Kosa liko katika kuchanganya herufi na sauti. ‘Ng’ombe’, neno walilo nalo Wakamba na Waswahili, huanza kwa sauti moja tu, japo tunaiandika kwa herufi mbili na ritifaa. Mtoto aliyekaririshwa majina ya herufi, ‘eni, ji’, atalisomaje?

Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, ulifanya vyema kusisitiza sauti za herufi, lakini kwa Kiswahili na Kiingereza. Kikamba hakikuwemo, ilhali Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike miaka mitatu ya kwanza shuleni.

Basi mwalimu na aanze na masikio kabla ya chaki, kwa maneno ya nyumbani: mbũi, ng’ombe, mũndũ. Mtoto anayesahihishwa akiwa sahihi hujifunza jambo moja tu: kunyamaza.