Boksi la Pili Lililopunguza Besi

Waliohudhuria muziki wa Agosti hapa Bungoma, katika msimu wa tohara ambao kwa Wabukusu huja miaka ya shufwa, walisikia wenyewe saa ile fundi alipoliunga boksi la inchi 15 kando ya lile la inchi 18 lililotoka Kitale, na besi, badala ya kuongezeka, ikanywea. Uamuzi ule ulikuwa kosa la dhahiri wala siuonei udhuru. Maana mpigaji wa gitaa la besi alikuwa stadi, na boksi la Kitale, lenye plaiwudi nene, gundi ya kutosha na mihimili ya ndani, lilikuwa limeubeba muziki peke yake tangu magharibi bila ya taabu.

Tulitazame tendo lenyewe. Wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 18 ina ukinzani wa omu 8. Ile ya inchi 15, kwa maandishi yaliyo mgongoni mwa sumaku yake, ina omu 4. Zikiungwa sambamba hubaki omu 2 na theluthi mbili, ilhali amplifaya iliyoyaendesha maboksi hayo haikuruhusiwa kushuka chini ya omu 4. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu mwenye hadhari, kwa kuwa mashine inayolazimishwa kutoa mkondo uliozidi uwezo wake hupata joto, hujizima au huungua. Lakini hatari ya amplifaya ni ndogo mbele ya dhuluma waliyofanyiwa wasikilizaji. Katika muungano wa sambamba nguvu hazigawanywi kwa ukubwa wa boksi wala kwa ubora wake. Nyingi huelekea kwenye ukinzani mdogo. Kwa hiyo theluthi mbili za nguvu zilikwenda kwa boksi dogo, na lile kubwa, ambalo ndilo lililokuwa na uwezo wa kuzitumia, likaachiwa theluthi moja.

Hapo ndipo msiba ulipokamilika. Uzi wa mi (E) wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, na boksi la Kitale limetuniwa karibu na hapo kwa bomba lake refu la hewa. Boksi dogo lina tundu pana na bomba fupi, na bomba fupi hupandisha tuni. Nalikadiria mitetemo 60. Boksi lenye tundu likipewa noti iliyo chini ya tuni yake huacha kuishika koni: hewa ya ndani, iliyokuwa ikiizuia kwa mfano wa springi, hutoka tunduni ikaenda zake, koni ikapapatika pasi na kuzaa sauti, na kitokacho tunduni kikapingana na kitokacho usoni mwa koni. Tena, kwa kuwa tuni mbili zile zimeachana, kwenye noti za chini boksi moja lilikuwa likisukuma hewa hali jingine likiivuta, hata sehemu ya kazi ya kubwa ikabatilishwa na dogo. Mlioiona koni ile ikirukaruka mkadhani ndiyo besi, mlikuwa mkiitazama hasara. Kisha fundi akapandisha kitufe cha besi kwenye miksa, akazidi kulilisha boksi lile lile lisiloweza kula.

Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka: seremala wetu wengi, wa Kitale na wa Bungoma, huchukua vipimo vya nje vya boksi la ng'ambo, wakaliiga hata rangi, kisha wakatia ndani wufa nyingine kabisa iliyonunuliwa kwa wati zilizochapwa kwenye karatasi yake. Wati hazielezi boksi liwe na lita ngapi wala bomba liwe na urefu gani. Maarifa hayo si siri; Neville Thiele aliyatangaza huko Australia mwaka 1961, na Richard Small akayaendeleza katika miaka ya 1970.

Waliotutangulia walijua kuoanisha spika na maboksi yake. Ampeg walipotoa SVT mwaka 1969, yenye wati 300, waliipa maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja, zote za namna moja, ndani ya maboksi yaliyofungwa, yasiyo na tundu la kugombana na jingine. Nami nikitaka kupima besi ya bendi yoyote ya leo, hurejea kwa Tom Malanga wa Les Wanyika: kila noti yake ina mwanzo na mwisho, na ya chini haimezwi na ya juu. Mpigaji wetu wa Agosti alikuwa akizitafuta noti za namna hiyo, na kwa saa nzima ya kwanza alizipata.

Lililopasa ni kuliacha boksi dogo ndani ya lori. Na ikiwa nguvu zaidi zatakikana, seremala yule wa Kitale atengeneze pacha wa boksi lake: wufa ya sampuli ile ile ya omu 8, lita zile zile, bomba la urefu ule ule. Mawili hayo yakiungwa sambamba yatatoa omu 4 kamili, nguvu zitagawanyika nusu kwa nusu, na koni zote mbili zitasukuma kwa pamoja. Ila koni hizo zijaribiwe kwanza kwa betri ndogo ya volti 1.5, ili ionekane kwamba zote zatoka mbele zikiguswa chanya kwa chanya. Boksi dogo nalo lisivunjwe. Lipewe amplifaya yake, lichukue kinanda.