Kuusoma Uta Kabla ya Mshale

Nahodha wa Mkokoni, kijiji cha pwani ya Kenya, hutazama tanga, shehena na upepo, akakwambia mtafika Faza saa ngapi. Nyuma ya kijiji, kuelekea msitu wa Boni, kwa Waaweer ambao wengi wetu twawaita Waboni, kuna elimu iliyo ndugu na hiyo: kuutazama uta na mshale wake, ukajua mwendo wa mshale huo hata kabla upote haujaachiwa. Naiheshimu sana elimu hii, na naona tumeipuuza.

Anayeujua uta hadanganywi na ukubwa wake. Huuvuta kwanza, taratibu, mpaka mkono ufike shavuni, huku akiusikiliza msuli wake: ugumu umeanza mapema, au umekuja wote mwishoni? Uta laini unaovutwa kirefu waweza kuushinda mgumu unaovutwa kifupi. Kisha huupapasa upote. Wa kano ukinyonya unyevu wa pwani hulegea, na ukiwa mnene hula mwendo, maana nao pia lazima usukumwe. Ndipo huulaza mshale juu ya kidole, kuupima uzito.

Hesabu nayo yakubaliana naye. Tuseme uta wavutwa kwa nguvu ya kilo 22 na nusu hivi, na upote warudi nyuma nusu mita. Mshale wa gramu 30 utatoka kwa kama mita 49 kwa sekunde. Ukiwa wa gramu 60, wengi watadhani mwendo utapungua nusu. La, utabaki kama mita 38. Mwanafizikia Mmarekani Paul Klopsteg aliieleza siri hii: uta na upote hujibakizia sehemu ya nguvu, kana kwamba mshale umebebeshwa uzito wa ziada, ambao hapa nimeukadiria gramu 15. Mshale mwepesi huiacha nguvu nyingi nyuma. Mzito huondoka nayo. Kwa hiyo mwenye kusifu kasi peke yake hajausoma uta wote.

Huenda ukasema uta ni wa kuwindia: hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa 1976, na mwaka uliofuata Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Wanyama walindwe, hilo silipingi hata kidogo. Lakini elimu ya uta haimhitaji mnyama. Yatosha gunia la makumbi.

Basi wewe kijana wa Mkokoni au Kiangwe mwenye simu, muombe mzee apige gunia lililo mita 20 kwa mishale miwili, mmoja mwepesi na mmoja mzito, nawe usimame kando yake ukirekodi sauti. Pima muda kati ya mlio wa upote na kishindo cha gunia, toa sekunde 0.06 za sauti kurudi, kisha gawanya 20 kwa kilichobaki. Ila kabla hajavuta, muulize mshale huu utakwenda upesi kuliko ule kwa kiasi gani, na uliandike jibu lake kwanza.