Saa ya Mwandishi

Katika parokia zetu wako wengi watuambiao kwamba wana kitabu kichwani: desturi za wazee wao, hadithi za kijiji, habari za misioni tangu mwanzo. Tukiwauliza wamekwisha kuandika kurasa ngapi, hujibu: Hatujapata nafasi. Mwaka hupita, na mzee aliyezijua habari zile huzikwa nazo.

Kwa sababu hiyo tumesoma kwa uangalifu kitabu cha Mwingereza Anthony Trollope juu ya maisha yake mwenyewe, kilichochapwa mwaka 1883, baada ya kufa kwake. Bwana huyu alikuwa mtu wa posta, mwenye kazi na safari nyingi, hata hivyo alitunga hadithi ndefu 47. Siri yake haifichi. Saa kumi na moja na nusu ya alfajiri alikuwa mezani, saa yake ya mfukoni mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo ya saa. Hivyo kwa muda wa saa tatu, kisha akaenda kula.

Wako waliochukizwa, wakisema kwamba huyu ni fundi wa viatu, si mtunzi. Sisi hatukubali. Sehemu kubwa ya Barchester Towers, iliyotoka mwaka 1857, aliiandika kwa kalamu ya risasi ndani ya gari la moshi, nayo yasomwa hata leo. (Kinachotuchosha ni hesabu ya fedha alizopata kwa kila kitabu, mpaka shilingi na peni!)

Lakini tuna neno. Nani alimwamsha? Mtumishi mzee wa farasi, aliyeongezewa paundi 5 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Naye Trollope amshukuru kwa haki, akisema labda kufaulu kwake kwatoka kwa mtu huyo kuliko kwa mwingine yeyote. Na yale ya gari la moshi nani aliyanakili? Mkewe, naye apewa maneno machache tu. Basi saa ya mwandishi yatoka mikononi mwa wengine. Katekista mwenye watoto sita, darasa la wakatekumeni na shamba la muhogo hana wa kumlipa. Saa ile ya alfajiri mama watoto amekwisha kwenda kisimani. Akitaka kuandika, yampasa aombe saa hiyo nyumbani kwake, na siku nyingine abebe maji yeye mwenyewe. Mashauri ya Trollope bila jambo hili ni nusu ya mashauri.

Na mama huyo, kama naye ana kitabu kichwani? Hapa ndipo kitabu kinapotupendeza zaidi, katika sura ya pili, juu ya mama yake mtunzi, Frances Trollope. Alianza kuandika vitabu akiwa amepita miaka hamsini, apate kulisha jamaa. Mwaka 1834 walikuwa Bruges, kule Ubelgiji, wamekimbia madeni. Mumewe mgonjwa, mwanawe mgonjwa wa kufa. Chumbani mwake dawa na wino vilikaa pamoja, aliuguza, akaandika. Saa kumi ya usiku alikuwa mezani, na hatusomi kwamba yuko aliyelipwa kumwamsha. Mwenye kujua Kiingereza kidogo, na aanze na sura hiyo.