Kura Bila Hasara: Je, Huyu ni Mshirika?

Katika masuala yanayoulizwa sana zama hizi ni hili: kampuni ya hisa ni ya nani, na nani mwenye haki ya kuiamulia? Watu wa masoko hujibu kwa wepesi: mwenye hisa ndiye mwenye mali, basi kura ni yake. Jibu hili tunalikubali kwa sharti moja, nalo ndilo walilolisahau.

Mwaka 2004 kampuni ya dawa ya Mylan ya Marekani ilitangaza kuinunua kampuni mwenzake, King, kwa takriban dola bilioni 4. Bei ya hisa za Mylan ikaanguka. Mfuko wa uwekezaji wa Perry, uliokuwa na hisa za King, ungepata faida kubwa lau biashara ile ingepita. Basi ukanunua karibu asilimia 10 ya hisa za Mylan ili uzipigie kura, na wakati huohuo ukafunga mikataba na mabenki: hisa zikishuka, hasara ni ya benki, zikipanda, faida ni ya benki. Perry akabaki na kura tupu. Tena, kadiri Mylan ingelipa ghali, ndivyo yeye angefaidika!

Biashara ilivunjika mwaka 2005. Mwaka 2009 tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani ikautoza mfuko ule dola 150,000, kwa kosa la kuchelewa kutangaza hisa zake. Ama kura yenyewe, haikuhesabiwa kuwa kosa.

Hapa ndipo tunapopinga. Fuqahaa wana kanuni mashuhuri, al-ghunmu bil-ghurmi: mwenye kuchukua faida ndiye wa kubeba hasara. Na katika sharika, kila mshirika ni wakili wa mwenzake, na uwakili ni amana. Hasara nayo hugawanywa kwa kadiri ya mtaji. Basi aliyejivua hasara yote amejivua ushirika, hata jina lake likibaki daftarini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Huenda mtu akasema: hisa ni milki yake, na mwenye milki hazuiwi kuitumia apendavyo. Tunajibu: milki haimhalalishii mtu kuwadhuru washirika wake, seuze kwa jambo alilowaficha.

Wala hatusemi kuwa kila mwenye hisa anayewapinga wakurugenzi ana makosa. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa Engine No. 1, wenye takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, uliwaingiza watu 3 katika bodi yake. Hoja zake ziliwekwa hadharani, na wenye hisa wenzake wakazipima. Kunasihi ni haki ya mshirika hata akiwa na fungu dogo.

Basi kabla ya kuuliza mtu ana kura ngapi, na aulizwe kwanza: jambo hili likiharibika, wewe utapoteza nini?

Wallahu aalam.