Alama Ndani ya Fenda: Kuusoma Mguu wa Mbele wa Peugeot 404

Gari la zamani likianza kusugua tairi, wengi hukimbilia nyundo. Mdomo wa fenda hupigwa ukakunjwa ndani, mkwaruzo ukanyamaza, gari likarudi barabarani. Naupinga utaratibu huo kwa sababu unafuta ushahidi kabla haujasomwa. Tairi likigusa bodi huacha alama, na alama hiyo ina fani yake: mahali ilipo, mwelekeo wa michirizi, kina chake, na kama iko upande mmoja au pande zote mbili. Anayeijua fani hiyo hupata habari za springi, bushi na beringi kabla hajashika spana. Naisoma hapa kwenye Peugeot 404, gari ambalo Afrika Mashariki ililijua barabara, na ambalo umbo lake la mbele halimfichi msomaji kitu.

404 ilitoka mwaka 1960, bodi yake ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia. Mistari imenyooka, boneti iko chini kwa sababu injini ya cc 1618 imelazwa kwa nyuzi 45. Chini ya bodi hiyo Peugeot iliiacha springi ya majani iliyokingama mbele ya 403, ikachukua mguu wa MacPherson: springi ya koili na shokapu ni nguzo moja, kichwa chake kimeshikwa na bodi, mguu wake umefungwa pamoja na kitovu cha gurudumu, na mkono wa chini unaizuia isiyumbe. Tairi lake ni jembamba na refu, 165 kwa rimu ya inchi 15. Juu ya tairi hilo kuna nafasi kubwa hadi kwenye tao la fenda. Jicho la siku hizi, lililozoea magari yaliyoshushwa, huiona nafasi hiyo kama kasoro ya mchoraji.

Haikuwa kasoro. Katika East African Safari ya 1963, Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404, na magari 7 tu yalimaliza mashindano. Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania wakashinda kwa gari hilohilo 1966 na 1967. Mwaka 1968, masika yalipozigeuza njia kuwa vinamasi, ushindi ukarudi kwa Nowicki na Cliff, na kwa mara nyingine yakafika magari 7 tu. Katika matope ya namna ile, tao la fenda hujaa udongo, na gurudumu linahitaji pa kuzungukia na pa kupandia. Nafasi ile ndiyo hoja kuu ya umbo la 404. Leo, ikiwa tairi linagusa mahali palipoachwa wazi kiasi kile, basi kuna kipimo kilichobadilika, na alama itatuambia ni kipi.

Sura peke yake haitoshi kutuongoza. Pininfarina ndiye aliyechora pia Austin Cambridge ya 1959, na ukiyaona magari hayo mawili kwa mbali utadhani ni ndugu. Lakini Austin ina mikono ya juu na ya chini, na springi yake imekaa katikati ya mikono hiyo, mbali na tairi. Fundi aliyezoea Austin akiona tairi la 404 limeng'aa ukutani upande wa ndani, atatafuta kosa mahali pasipo lenyewe.

Alama hiyo ya ndani ndiyo nianze nayo, kwa kuwa ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Katika mguu wa MacPherson, kibakuli cha chini cha springi kimefungwa kwenye nguzo, na gurudumu nalo limefungwa kwenye nguzo hiyohiyo. Ukikata kona, vyote vinageuka pamoja. Ukipita kwenye shimo, vyote vinapanda pamoja. Umbali kati ya tairi na kibakuli haubadiliki. Kwa hiyo, ukikuta duara lililong'arishwa kuzunguka ukuta wa ndani wa tairi, na chuma cha kibakuli au cha nguzo kimebaki kitupu bila rangi, usiilaumu springi iliyochoka wala bushi. Haziwezi kuumba alama ya namna hiyo. Waliobaki kushtakiwa ni wachache: tairi pana mno, rimu isiyo yake, beringi ya gurudumu iliyolegea, au nguzo iliyopinda. Umbo limeshawafutia mashtaka wengine wote.

Mshtakiwa wa kwanza ndiye ninayemkuta mara nyingi. Tairi la 165 la inchi 15 ni adimu madukani, la 195/65R15 linapatikana kwa urahisi. Hesabu ya kimo inamdanganya mwenye gari: la zamani lina kipenyo cha karibu milimita 650, jipya karibu 635. Kwa mbali hutaona tofauti. Lakini upana umeongezeka milimita 30, na rimu ikiwa ni ya kawaida, 15 zinakwenda ndani kuelekea kwenye kibakuli, na 15 zinakwenda nje kuelekea kwenye mdomo wa fenda. Kisha huja mtu na spesa ili kulisogeza gurudumu nje. Kibakuli kinapona, mdomo wa fenda unaanza kuchana tairi, na hapo nyundo inaitwa. Kosa moja limezaa mawili, na la tatu litakuwa beringi, kwa kuwa spesa inausogeza uzito mbali na mahali ilipopangiwa kuubeba.

Alama ya kwenye mdomo wa fenda, juu kabisa ya tao, ina kisa kingine. Hiyo huja na kuondoka. Huonekana gari likijaza abiria, likikata kona kwa kasi, likishuka tuta vibaya. Gari likiwa na kimo chake halali, mkono wa chini huinama kutoka kwenye bodi kuelekea gurudumuni. Springi ikibonyea, mkono unapanda kuelekea mlalo na kuisukuma nje sehemu ya chini ya gurudumu, hivyo kichwa cha tairi kinaegemea ndani, mbali na fenda. Huo ni ufundi mzuri sana: kadiri gurudumu linavyopanda, ndivyo linavyojiondoa kwenye njia ya bodi. Lakini springi ikichoka, au ikikatwa ili gari lionekane limelala, mkono huanzia kwenye mlalo au juu yake. Tangu hapo kila tuta linauvuta mguu wa gurudumu ndani, kichwa kinaegemea nje, na tairi linakutana na mdomo wa fenda. Mwenye kukata springi huwa anadhani ameondoa sentimita kadhaa za kimo tu. Ameugeuza mwendo mzima wa gurudumu.

Alama ya nyuma ya tao, chini, karibu na mlango, ndiyo inayonitia hofu. Isome kwa kidole. Gari likienda mbele, upande wa nyuma wa tairi huwa unapanda, hivyo rangi na kutu husukumwa juu na ncha za mikwaruzo hutazama juu. Gari likirudi nyuma, hutazama chini. Mikwaruzo inayotazama chini, ikiwa pande zote mbili na kwa kina kilekile, kwa kawaida ni tairi kubwa lililogusa usukani ulipokatwa hadi mwisho wakati wa kuegesha. Mikwaruzo inayotazama juu, ya upande mmoja, ni habari nyingine: gurudumu linarudi nyuma wakati wa breki. Bushi ya mkono wa chini imechanika, au mahali inaposhikwa pameliwa na kutu, jambo la kuangaliwa sana kwa magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar. Ingiza mtaimbo kando ya bushi, usukume kwa mkono mmoja. Mkono wa chini ukicheza waziwazi, gari hilo lisitoke gereji.

Palipo na shaka, chaki husaidia. Paka mdomo wa fenda na ukuta wa ndani wa tao, endesha taratibu juu ya tuta, kisha tazama ilipofutika. Toa kwanza udongo uliogandana, kwa sababu nao husugua tairi na kujifanya chuma.

Alama ikiwa upande mmoja tu, pima. Weka upepo sawa kwenye matairi, simamisha gari mahali palipo sawa, na kama lilikuwa kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma kidogo ili miguu itulie. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kushoto na kulia. 404 ya saluni imepewa milimita 2650. Kisha kimo. Na hapa nasisitiza: usikipime hadi kwenye fenda peke yake. Gari la miaka sitini limeshagongwa, likanyooshwa, likajazwa puti, na fenda yake inaweza kuwa msimulizi asiyeaminika. Pima pia hadi kwenye sakafu ya bodi, pande zote mbili. Sakafu zikilingana na fenda zisipolingana, mguu hauna kosa. Kosa ni la aliyenyoosha bodi.

Wewe mwenye 404, basi, ukiipeleka gereji kwa sababu tairi linasugua, mwombe fundi akuonyeshe alama kwa tochi na akuandikie vipimo vya kushoto na kulia kabla hajagusa kitu. Rudisha tairi la 165 na springi ya kimo chake, badilisha bushi za pande zote mbili kwa pamoja, kisha endesha tena na chaki. Nyundo iombe baada ya hapo, kama bado kuna kinachogusa.