Nani Anarudisha? Juu ya Lugha ya Shirika la Mipaka la Ulaya

Kitenzi «kurudi» hakimhitaji mtu wa pili. Anayerudi anarudi mwenyewe. Tukikitia katika kauli ya kutendesha tunapata «kurudisha», na papo hapo anajitokeza mtendaji mwingine, yule anayerudisha. Tukikigeuza tena kuwa «kurudishwa», mtendaji huyo anaweza kufichwa na sentensi ikabaki sahihi. Mambo haya huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nao huyaona makavu. Katika kurasa hizi tunakusudia kuonyesha kwamba uhuru na hata uhai wa watu unaweza kutegemea kauli ya kitenzi. Mfano wetu ni Frontex, shirika la Umoja wa Ulaya linaloshughulikia mipaka ya nje, na namna linavyotaja kazi yake ya kuwaondosha wahamiaji.

Frontex iliundwa kwa kanuni ya Oktoba 2004, na makao yake yako Warsaw. Kuhusu kuwarudisha watu, ilipewa wakati ule kazi ya unyenyekevu: kuzisaidia nchi wanachama zilipotaka kusafirisha watu kwa ndege moja. Bajeti yake ya mwaka 2005 ilikuwa kama Euro milioni 6. Kanuni ya 2016 ikapanua kazi hiyo. Ile ya 2019 ikaipa kikosi cha kudumu kinachokusudiwa kufikia watu 10,000 mwaka 2027, chenye sare ya shirika lenyewe, na ndani yake wamo wasindikizaji wa wanaofukuzwa. Mwaka 2023 bajeti ilipita Euro milioni 800, na watu zaidi ya 39,000 waliondoshwa kwa msaada wake. Katika hesabu hiyo wamo waliokubali kuondoka na wamo waliolazimishwa. Wote wameandikwa chini ya neno moja, «retour».

Neno hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini. Agizo la Umoja wa Ulaya la Desemba 2008 linaliita «retour» tendo la mgeni kwenda katika nchi ya asili yake, ama kwa hiari ama kwa nguvu. Lakini linaongeza nchi aliyopitia njiani. Basi mtu anaweza «kurudi» mahali ambapo hakuwahi kuwa na nyumba wala kaburi la babu. Sisi wa Katanga tunalijua jambo hili bila kufundishwa na Ulaya. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipoondoshwa Likasi na Kolwezi, waliitwa «refoulés», wakaambiwa warudi kwao. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Waliketi kwenye vituo vya reli wakingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona, na kitenzi kikashuhudia uongo kwamba ndiko walikotoka.

Turudi Ulaya. Tunaloshutumu si kwamba shirika limekua tu. Limekua, lakini limebaki na maneno ya utoto wake: «kusaidia», «kuratibu», «kuunga mkono». Kanuni ya 2019 inasema wazi kwamba haliingii katika kiini cha maamuzi ya kurudisha, kwa kuwa maamuzi hayo ni ya nchi wanachama peke yao. Matokeo yake ni sentensi ya ajabu. Nchi inaamua, shirika linasaidia kusafirisha, na anayeshushwa uwanjani akiuliza ni nani aliyemleta, kila mmoja anamwonyesha mwenzake.

Zamani mtendaji alionekana, ingawa hilo halikumponya mtu. Tarehe 22 Septemba 1998 Semira Adamu, msichana wa Nigeria mwenye umri wa miaka 20, alikufa Ubelgiji baada ya jandarma kumkandamiza uso kwa mto ndani ya ndege iliyokuwa impeleke Togo. Togo haikuwa nchi yake. Waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu, na mwaka 2003 jandarma wanne walihukumiwa. Adhabu zilikuwa hafifu, vifungo vya nje, lakini sentensi ilikuwa na kiima: ni fulani na fulani waliotenda.

Tulinganishe na Oktoba 2016. Familia ya Wakurdi wa Siria, wazazi na watoto wanne, ilifika Ugiriki ikitafuta hifadhi. Baada ya siku chache ilipandishwa ndege katika safari iliyoratibiwa na Frontex, ikapelekwa Uturuki, nayo baadaye ikakimbilia Irak. Ilipolishtaki shirika, mahakama ya Umoja huo ilitupilia mbali madai yake mwezi Septemba 2023. Hoja ya mahakama, ukiisoma kama mwanaisimu, ni ya kisarufi kabisa: Frontex ilisaidia tu, aliyeamua ni Ugiriki.

Hapa hatuna budi kuwagusa pia wenzetu wanaotafsiri habari hizi kwa Kiswahili. Mara kwa mara «retour» hugeuzwa kuwa «kurejea nyumbani». Kifaransa kilimficha mtendaji, lakini mfasiri amemfuta kabisa, na akaongeza nyumba ambayo pengine haipo. Kiswahili hakina upungufu wa maneno: tunayo «kuondosha», tunayo «kufukuza», tunayo «kusafirisha kwa nguvu». Anayesema kwamba «kufukuza» ni neno la hasira atuambie neno tulivu zaidi la pingu.

Tarehe 18 Desemba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitengua hukumu ile ya 2023. Ilisema kwamba katika safari za pamoja Frontex nayo ina wajibu wake, na kwamba lazima ihakikishe kila anayesafirishwa ana uamuzi wa kurudishwa ulioandikwa. Kisha ikairudisha kesi katika mahakama ya chini isikilizwe upya. Katika sentensi hiyo, angalau, tunajua ni nani aliyerudisha, na nini.